Sufuria Iliyohamia Huruma

Hapa Kapsoya hakuna anayechemsha mahindi kumshinda Naomi, na wa kwanza kukwambia hivyo atakuwa Naomi mwenyewe. Mimi ni jirani yake. Tumetenganishwa na ua wa michongoma, na moshi wa jiko lake la uani huingia kwangu kabla haujaingia kwake. Kwa hiyo haya ninayosimulia niliyaona, au niliyasikia, au Naomi aliniletea uani mwenyewe akiwa amefura. Niseme mapema kwamba niko upande wake. Ukitaka kusimuliwa na mtu asiyependelea, tafuta jirani mwingine.

Kazi yake ni kufuma sweta za shule. Ana kibanda mjini chenye mashine za kufumia, na anajua rangi ya kila shule kutoka Ziwa hadi Burnt Forest bila kuuliza. Mumewe, Kipkoech, anasimamia ghala la mbolea. Ni mtu mpole sana. Ukimwambia nyumba inaungua atajibu "sawa" kisha avae viatu. Watoto wao wamekwenda kujitafutia maisha, kwa hiyo nyumbani wamebaki wao wawili pamoja na mamake Kipkoech, Kogo Jerop, ambaye walimtoa Ainabkoi magoti yalipokataa kupanda mlima. Kogo ni nyanya kwa lugha yao, na tangu wajukuu waanze kumwita hivyo sote tulifuata.

Kogo amepita miaka themanini. Ni mrefu, amenyooka, na hana meno mawili ya mbele ya chini. Hayo yalitolewa alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa rika lake. Ndiyo maana tangu hapo hajawahi kuuma hindi. Yeye hupukuchua. Alikuwa akiweka kidole gumba kwenye mstari wa punje, anausukuma wote mpaka mwisho, anajaza kiganja, kisha anazitupa kinywani zote pamoja. Wageni waliacha kula ili wamtazame.

Na Naomi naye ana namna yake ya kupika. Hanunui hindi lililochanwa maganda na wanunuzi wengine, kwa sababu anasema limeshapigwa na upepo. Hutazama ndevu. Zikiwa zimekauka nchani na bado mbichi kwenye shina, hulichukua. Akifika nyumbani huondoa maganda ya nje, huacha tabaka la mwisho, na kulifunga juu kwa kipande cha ganda hilohilo, fundo moja dogo lililopinda kushoto. Maganda aliyotoa hutandika chini ya sufuria, hupanga mahindi yakiwa yamesimama, hufunika kwa maganda mengine, na chumvi hutia mwishoni kabisa. Hayapakui mapema. Huyaacha yakae ndani ya maji yake mpaka mtu aitwe mezani. Nimejaribu kufanya vivyo hivyo kwangu na yangu hutoka kuwa mahindi tu.

Sasa, familia hiyo ina jambo lao. Ainabkoi ni baridi, na mahindi ya shamba lao hukomaa wakati sisi wengine tumeshachoka kula ya kununua. Yakifika, wote hukusanyika Jumamosi moja, mahindi ya kwanza huchemshwa kwenye sufuria moja, na hakuna anayegusa mpaka aliye mkubwa kuliko wote aanze. Yeye hupewa hindi kubwa kuliko yote, zima. Kulivunja ni kumkosea, maana hindi la kuvunjwa hupewa mtoto. Kogo alipoacha kupika, sufuria yenyewe, ile nyeusi yenye mkono mmoja uliong'oka, aliikabidhi kwa Naomi. Hakukuwa na maneno mengi. Sufuria ilihama, na kila mtu akajua mama wa nyumba sasa ni nani.

Halafu Kipyego akaoa.

Kipyego ni kitinda mimba wa Kogo, fundi wa magari kule mtaa wa Huruma. Mke wake anaitwa Awuor, msichana kutoka upande wa Ahero, msusi. Anakaa chumba kimoja cha kupanga, anacheka kwa sauti kubwa, na hajui kuamkia watu wazima kwa utulivu. Hayo ni maneno ya Naomi. Mimi nilimwona mara mbili nikaona ni msichana mzuri tu, lakini sikulisema hilo uani.

Kila Jumatano Kogo huenda kliniki ya presha. Kipyego huja kumchukua na gari la mteja fulani, Probox, na wakitoka kliniki hupitia Huruma. Kogo hurudi jioni ameshiba, uso umenawiri, anasimulia mambo ya plot ile nzima ya wapangaji, nani amegombana na nani kwenye kamba ya nguo.

"Umekula nini huko?" Naomi alimuuliza siku moja.

"Mahindi."

"Ya kuchemsha?"

"Eeh. Nimekula nimeshiba."

Ninajua maneno hayo yalimwingia vipi kwa sababu kabla hata chai haijachemka alikuwa amefika kwenye ua wangu. Kwa Naomi, Kogo alikuwa hali mahindi tena. Kila jioni Naomi humwekea lile kubwa, kwenye sahani yake ya maua, na kila jioni Kogo humwambia, "Weka tu, nitakula baadaye." Hukaa pale mikono chini ya leso, anatazama habari. Asubuhi hindi halipo. Naomi alikuwa ameamua kwamba anampa mbwa.

"Yangu anapatia mbwa," aliniambia. "Ya Awuor anakula anashiba. Nimekosa nini mimi?"

"Labda hapo jioni hana njaa."

"Wewe usinitulize. Nimeosha huyo mama miguu, nimemnunulia blanketi ya Raymond, nimempatia chumba chenye jua. Sasa mtu wa juzi tu, mtu hajui hata mahindi iliyokomaa na ile bado, ndiye anamshibisha?"

Wivu ulimshika Naomi vibaya. Sitaupamba. Ulimkaa kooni kama punje kavu, na akaanza kufanya vituko. Kwanza alianza kununua mahindi machanga zaidi, laini mpaka yanapasuka ukiyatazama. Kogo akasema weka tu. Akachemsha kwa maziwa. Weka tu. Akasikia mahali kwamba Wajaluo, watu wa kina Awuor, hutia magadi kila kitu, akatia magadi, na mahindi yakatoka rangi ya udongo wa barabara ya Kaptagat. Kogo akasema weka tu, na Kipkoech maskini akala matatu akasema sawa.

Basi mwezi ule mahindi ya Ainabkoi yakakomaa. Kogo aliliweka jambo lake wakati wa chakula, bila kuinua sauti.

"Mwaka huu ya kwanza ichemshiwe kwa Awuor."

Kipkoech akasema sawa. Naomi aliinuka, akatoa vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia, akaviosha.

Kesho yake nikamkuta uani na sufuria ile. Kipyego alikuwa aje kuichukua mchana. Amekunja mikono ya nguo, ana mchanga, ana majivu, ana steelwool, na anaisugua sehemu ya chini ambayo haijawahi kuguswa na mtu yeyote. Sote tunajua sufuria ya kuni haisuguliwi chini. Masizi yakishashika yanaachwa.

"Unafanya nini, Mama Jeruto?" nilimuuliza. Jeruto ni kifungua mimba wake.

"Hii masizi ni yangu," alisema. "Nimepika mimi. Hataenda kupikia juu ya masizi yangu."

Aliisugua asubuhi nzima. Kibandani hakwenda. Kipyego alipofika na kuiona inang'aa hivyo alifurahi, akafikiri ni heshima. "Wah! Asante sana, Mama Jeruto. Awuor atafurahi." Naomi aliingia ndani akabamiza mlango. Nami nikabaki kumwambia yule kijana kwamba ni upepo.

Jumamosi ilipofika alinivuta nimsindikize. Alitaka shahidi. Kogo alikuwa ameshachukuliwa mapema, na Kipkoech alikuwa aje baadaye na gunia lililobaki. Tulipokaribia Huruma Naomi alisema, "Utaonja. Uniambie ukweli." Nilimwahidi.

Plot yenyewe ni vyumba vilivyotazamana, uwanja mwembamba katikati, nguo zimeanikwa juu, na mafundi wanagonga mabati upande wa pili wa ukuta. Sufuria ilikuwa imeinjikwa juu ya mawe karibu na bomba. Awuor hakuwapo hapo. Naomi hakupoteza muda. Aliangalia huku na huku, akafunua lile sinia lililofunika, na nikaona uso wake ukichangamka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Ameondoa maganda yote," alinong'ona. "Ona. Yote. Amelaza kama kuni. Na chumvi ametia mwanzo, ona maji."

Alichomoa moja kwa ncha za vidole, akaliuma, akanipa nami nikaliuma. Nasema kweli kama nilivyoahidi: lilikuwa gumu. Mahindi ya Ainabkoi, matamu ya kutosha kuliwa mabichi, na msichana yule ameyapika mpaka ganda la punje limekuwa la ngozi. Nilimtazama Naomi nikitarajia afurahi. Alifurahi kidogo tu. Kisha nikaona furaha ikimtoka na kitu kibaya zaidi kikikaa mahali pake.

"Kumbe ni mbaya," alisema. "Kumbe ni mbaya na bado anapenda."

Hilo ndilo lililomuuma. Ingekuwa Awuor anapika vizuri, angejifunza, angeshindana, angeshinda. Sasa atashindana na nini? Ina maana Kogo hakuwa akipenda mahindi. Alikuwa akimpenda Awuor.

"Kogo yuko wapi?" Naomi alimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akifua.

"Wako ndani na Awuor."

Naomi alikwenda mlangoni akavuta pazia bila kubisha hodi. Nilikuwa nyuma yake na ninamzidi urefu, kwa hiyo nililiona lote.

Kogo alikuwa ameketi kitandani, kanga imemfunika magotini. Awuor alikuwa chini kwenye kigoda, mgongo umeegemea kitanda, hindi pajani, anaongea juu ya mteja fulani aliyetaka kusukwa kichwa chenye chawa. Alipokuwa akiongea, kidole chake gumba kilikuwa kinapita kwenye mstari wa punje, mmoja, kisha unaofuata, bila yeye kutazama, kama anavyogawa nywele kichwani. Punje zilidondokea kiganjani mwake. Kiganja kikijaa anakiinua juu ya bega, hageuki, na Kogo anainama anamimina kinywani kwa kuusukuma mkono wa yule msichana kwa kifundo cha mkono wake mwenyewe. Kifundo. Kwa maana vidole havikuweza.

Sikuwa nimeiona mikono ya Kogo bila leso kwa muda mrefu. Wala Naomi. Viungo vilikuwa vimevimba, na gumba la kulia, lile lililokuwa likitazamwa na wageni, lilikuwa limelala upande na halinyooki.

Kando yake kitandani palikuwa na gazeti limefunguliwa, na juu ya gazeti mahindi mawili yaliyopoa, yakiwa bado ndani ya tabaka la mwisho la ganda, yamefungwa juu fundo moja dogo lililopinda kushoto.

Naomi aliyatazama. Nami nikayatazama.

"Mama Jeruto," Kogo alisema, "usisimame kwa mlango, unatuzibia mwanga."

Naomi aliingia. Nilidhani atapiga kelele, lakini sauti yake ilitoka ndogo.

"Hiyo ni yangu. Ya juzi na ya jana."

Awuor akasimama haraka, punje zikamwagika. "Pole, Mama Jeruto. Yeye huwa anakuja nayo amefunga kwa leso. Mimi napasha tu moto. Yangu hataki, anasema ni kokoto."

"Ni kokoto," Kogo alisema.

"Mikono imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na mimi nakaa na wewe kwa nyumba moja. Hukuniambia?"

Kogo alivuta leso akaifunika mikono, kisha kama aliyekumbuka kwamba imeshaonekana, akaifunua tena.

"Ningekuambia aje? Kila jioni unaniletea hindi kubwa, zima, unaniwekea na mikono miwili kama mtu wa heshima, na mtoto wangu ameketi hapo. Niseme mnivunjie kama mtoto? Na leo mngekaa wote kwako mkiningoja nianze. Ningeanza na nini?"

"Na huyu ulimwambia."

"Huyu sikumwambia. Aliona akachukua."

Hakulisema kwa ubaya. Kogo si mtu wa kuchoma. Lakini niliuona mgongo wa Naomi ukipokea yale maneno, na moyoni nilimkasirikia Kogo, na nilimkasirikia Awuor aliyesimama pale na macho ya kuomba msamaha kwa jambo lisilokuwa kosa. Yeye alikuwa hajui. Hakuna aliyemfundisha kwamba sahani ya mama mkwe haiguswi, na hindi la mkubwa halivunjwi. Aliona mtu mzima anashindwa kula, akachukua. Naomi, aliyefundishwa yote na kuyashika yote, alikuwa akigeuza uso kila jioni ili mama mkwe ale kwa uhuru.

Watu wakafika. Kipkoech akaleta gunia, Kipyego akaleta viti vya jirani. Kogo alitoka ndani akiwa na kiganja chenye punje ndani ya leso, akakaa, na kila mtu alipotulia akakiinua mdomoni, akatafuna. Wakashangilia wakaanza kula. Wote walisema ni matamu, kwa sababu ya kwanza husemwa ni matamu. Naomi alikula hindi lake mpaka likabaki gunzi, gumu hivyohivyo, na hakusema neno moja baya. Nilipomtazama nilijua heri angelisema.

Jumatatu jioni aliniita nikale kwake. Sufuria ilikuwa imerudishwa, imeshaanza kushika weusi chini, na alikuwa amechemsha kwa namna yake ya siku zote. Alimwekea Kogo lile kubwa kwenye sahani ya maua, kwa mikono miwili. Kogo akaanza, "Weka tu," na Naomi akakaa karibu naye, akalichukua hindi kutoka sahanini, mbele ya mumewe na mbele yangu, akafungua lile fundo.

Kipkoech aliacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema sawa.

Naomi alipukuchua. Alipukuchua kwa nguvu na kwa haraka, mistari miwili kwa mara moja, punje nyingine zikipasuka, nyingine zikirukia kwenye kochi, akajaza kiganja akakisogeza. Kogo alikula. Alitafuna taratibu mpaka akamaliza, nasi sote tukawa tunamtazama.

"Ni tamu," alisema. "Hakuna mtu anachemsha kama wewe." Kisha akafikiri. "Lakini unaenda mbio. Awuor hufuata mstari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Masikio ya Naomi yaliwaka. Lakini hakuinuka, wala hakubamiza kitu. Alilaza hindi upya pajani, akaligeuza mpaka akaona mstari ulio mzima, akaweka gumba juu yake.

Jumatano Kipyego alipiga honi kama kawaida. Niliona kupitia michongoma Naomi akimfungia Kogo leso begani, na ndani ya leso ameweka mahindi mawili mwenyewe. Gari lilipoondoka alibaki langoni akilitazama mpaka likakunja kona. Halafu akaja kwangu na sufuria ndogo, yenye moto, akaiweka mezani pangu bila hata kusalimu.

"Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete tu. Fungua hivi, kama wa Kogo." Alifungua fundo. "Huyo msichana anasuka watu kutoka asubuhi mpaka jioni, vidole vyake vinajua mstari. Mimi nina mashine. Sasa usiongee, na usiniangalie."

Nikaangalia dirishani. Nilisikia punje zikianguka kiganjani mwangu, moja baada ya nyingine, na pumzi yake karibu na bega langu. Ilichukua muda. Mwishoni akaliweka gunzi mezani.

"Sasa sema ukweli. Ni kama ya Awuor?"

Nimeshasema niko upande wake, na angejua nikimdanganya. Nilimwambia bado. Akachukua hindi jingine.